Maua Katika Majina Yetu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu mtakuta habari za ujenzi, za wafadhili, za makuhani waliotuongoza na za sikukuu tulizosherehekea pamoja. Sisi tumepewa sehemu ndogo zaidi, nayo ni historia ya majina. Na kwa kuwa majina ni bahari isiyo na ng'ambo, tumechagua ghuba moja tu: majina ya watoto yatokanayo na maua. Sababu ya kuchagua hivyo haiko mbali. Majina ya kina mama wa vizazi vya kwanza, wale tunaowataja kwa heshima kila mwaka, ukiyasoma kwa sauti ni kama kutembea bustanini: Pushpa, Kusum, Champa, Kamala, Malti, Saroj. Ukisikiliza majina wanayoitwa wajukuu na vitukuu wao wanaokimbizana uani baada ya aarti, ni nadra kusikia hata moja kati ya hayo. Kabla hayajasahaulika kabisa, inafaa tujue yalikuwa yakisema nini.

Pushpa ni ua. Kusum nalo ni ua. Suman pia ni ua, lakini neno hili lina siri yake: katika Kisanskriti limeundwa kwa su, yaani njema, na manas, yaani nia au moyo. Mwenye nia njema na ua linalochanua viliitwa kwa neno lilelile. Champa ni ule mti wenye maua ya rangi ya dhahabu na harufu kali. Malti, Mallika, Juhi na Chameli yote ni ya ukoo wa asumini. Shefali na Parijat ni majina mawili ya ua moja, jeupe lenye kikonyo cha rangi ya machungwa, ambalo huchanua usiku na kuanguka lenyewe alfajiri. Masimulizi yanasema Krishna aliutoa mti wake katika bustani ya Indra mbinguni kwa ajili ya mkewe Satyabhama. Ketaki ni mkadi. Kwa hilo la mkadi tutarudi.

Katika desturi ya Kihindu kumpa mtoto jina ni ibada, nayo huitwa namakarana. Ni mojawapo ya samskara 16, zile ibada zinazomsindikiza mwanadamu tangu tumboni mwa mama hadi kwenye moto wa mazishi. Vitabu vya kale vinataja siku ya kumi au ya kumi na mbili baada ya kuzaliwa. Katika familia za Kigujarati hutangulia usiku wa siku ya sita, ambapo karatasi na kalamu huwekwa karibu na kichanga, kwa kuwa huaminiwa kwamba usiku huo Vidhata huja kumwandikia majaliwa yake. Jina lenyewe hutolewa na foi, dada wa baba. Mtoto hulazwa katika kitambaa pamoja na majani ya mti wa pipal, watoto wa nyumba hushika pembe za kitambaa na kumbembeza huku wakiimba, kisha foi hutamka jina. Majirani zetu Waswahili hawahitaji kuelezwa uzito wa shangazi katika mambo kama haya.

Hata hivyo, shangazi hachagui apendavyo. Anafungwa na mwezi. Mwezi hupita katika buruji zote 12, na katika kila moja hukaa muda wa siku mbili na robo hivi. Buruji aliyomo mwezi wakati mtoto anapozaliwa ndiyo rashi yake, na kila rashi ina herufi zake chache. Aliyezaliwa mwezi ukiwa katika Mithun, ambayo wanafalaki wa pwani huiita Jauza, jina lake huanza kwa k, chh au gh. Wa Kanya, yaani Sumbula, huanza kwa p na sauti mbili nyingine ambazo Kiswahili hakina. Wa Kumbh, yaani Dalu, kwa g, s au sh. Ndiyo maana kuhani huulizwa kwanza saa ya kuzaliwa, kisha ndipo shangazi huanza kukuna kichwa. Watu wa pwani nao, kwa elimu ya falaki waliyoipokea kwa njia nyingine, wamekuwa wakitafuta nyota ya mtu kwa hesabu ya herufi za jina lake.

Hapa ndipo maua yalipoonyesha manufaa yake, na kwa maoni yetu ndiyo sababu kubwa iliyoyafanya yaenee. Shangazi aliyepewa herufi moja tu alihitaji jina zuri, lenye baraka, lisilo na kasoro, na bustani ilikuwa na la kila herufi. Mfano ulio bora kuliko yote ni kamala. Ua hili si yungiyungi letu hasa, kwani yungiyungi hulaza majani yake juu ya maji, ilhali kamala huyainua majani na maua yake hewani kwa kikonyo kirefu. Lakini kwa macho ya kawaida mtu atasema ni ndugu. Hukaa matopeni, na tone la maji likianguka juu ya jani lake huviringika likaporomoka bila kulilowesha. Lakshmi husimama juu yake, na Rama husifiwa kwa macho yanayofanana nalo. Washairi wa Kisanskriti walilipa majina mengi kuliko tunavyoweza kuyaandika hapa.

Mtoto wa Mithun aliweza kuitwa Kamala. Wa Kanya aliitwa Padma kama ni msichana, au Pankaj kama ni mvulana. Na Pankaj maana yake halisi ni mzaliwa wa matope, jina ambalo mtu asiyejua angeliona tusi, kumbe ni sifa ya kile kinachotoka mahali pachafu kikiwa safi. Wa Kumbh aliitwa Saroj, mzaliwa wa ziwani. Wa Vrishchik, yaani Akrabu, aliitwa Niraj au Nalini. Wa Makar aliitwa Jalaj. Wa Mesh aliitwa Aravind, au Ambuj. Niraj, Jalaj na Ambuj yote matatu humaanisha mzaliwa wa majini, kwa maneno matatu tofauti ya maji. Wa Tula aliitwa Rajiv, na wa Vrushabh aliitwa Utpal. Wa Sinh, ambaye herufi yake moja ni m, aliweza kuitwa Mrinal, ambalo si ua lenyewe bali ni kikonyo chake. Ndugu saba wa tumbo moja wangeweza kuzaliwa chini ya nyota saba na wote wakawa kamala.

Msomaji ataona pia kwamba wengi katika hao ni wanaume. Huko Ulaya ua ni jina la binti, karibu bila ubishi. Kwetu babu mwenye masharubu aliitwa Champaklal au Gulabchand, na hakuna aliyecheka.

Lakini si kila mwanachuoni alipendezwa. Sheria za Manu, kitabu cha kale ambacho wengi hukitaja na wachache hukisoma, zinaagiza kwamba jina la mwanamke liwe rahisi kutamka, lisitishe, lieleweke, lipendeze na liishie kwa irabu ndefu. Hadi hapo hakuna neno. Mahali pengine kitabu hichohicho kinamwonya mwanamume asioe binti aliyeitwa kwa jina la nyota, la mti au la mto. Kama wazee wetu wangelitii hilo, tusingekuwa na akina Champa, wala Tulsi, wala Ganga. Hawakutii. Mama zetu walizaliwa, wakaitwa kwa majina ya miti na mito, wakaolewa, na ndoa zao hazikuharibika kwa sababu hiyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu siku hizi wapo wanaosema kwamba desturi ni maandiko tu. Katika suala la majina, shangazi walimshinda Manu.

Sasa tuje pwani. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch na Kathiawar walikuwa na nguvu kubwa katika biashara ya visiwa. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha kwa miaka mingi, na mwakilishi wake Ladha Damji alikuwa mtu wa kuogopwa na kuheshimiwa. Lakini watu hao walikuja peke yao. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa hatari kwa usafi wa dini, na wake walibaki nyumbani wakisubiri pepo za msimu ziwarudishe waume zao. Kwa hiyo majina ya Kihindu yaliyosikika forodhani na madukani kwa miaka hiyo yote yalikuwa ya wanaume, mengi yakiwa majina ya miungu. Bustani ilichelewa kufika. Ilianza kuja wanawake walipoanza kupanda majahazi na meli, mwishoni mwa karne ile, na iliongezeka baada ya reli ya Uganda kujengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, maduka yalipofuata reli na familia zikafuata maduka.

Wanawake hao waliposhuka hawakuikuta nchi ngeni kwa pua zao. Mogra waliloliacha uani kwao walilikuta hapa likiitwa asumini, limetungwa shada na kuvaliwa kichwani na wanawake wa Kiswahili. Waliwakuta mabinti wanaoitwa Asumini na Yasmini. Waliukuta mrehani, ambao kwa wataalamu wa mimea ni ndugu wa karibu wa tulsi tunaoumwagilia maji kila asubuhi, na waliwakuta wanaoitwa Rehana kwa asili hiyohiyo, kama kwetu tulivyo na Tulsi wa kike na Tulsidas wa kiume. Na waliukuta mkadi. Sisi tuna sharti na ua hili: halitolewi kwa Shiva, kwa sababu, kama masimulizi yasemavyo, ketaki lilikubali kutoa ushahidi wa uongo kwa niaba ya Brahma, na Shiva akalikataa katika ibada yake. Lakini kulikataa altareni si kulikataa nyumbani. Mabinti waliendelea kuitwa Ketaki, na wanawake wa pwani waliendelea kulitia katika kikuba pamoja na asumini na mrehani. Kikuba kimoja kina ndani yake majina ya nusu ya bibi zetu.

Mnamo Januari 1924 lilifika Mombasa jina la ua lililojulikana kuliko yote: Sarojini Naidu, mshairi na mwanasiasa kutoka Hyderabad, aliyekuja kuongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Sarojini ni dimbwi lililojaa kamala. Miaka ile Wahindi wa Kenya walikuwa katika mvutano mkali na walowezi kuhusu haki ya kura na ardhi ya nyanda za juu, na aliyesimama mbele ya mkutano wa wanaume kuwatia moyo alikuwa mwanamke mwenye jina la maua. Wanaosema majina haya ni laini mno kwa dunia ya leo wamkumbuke huyo.

Tukiuacha mlango wetu na kuingia kwa jirani, tunakuta mizizi imefungamana zaidi ya tulivyodhani. Chukua waridi. Neno hili Waswahili walilipata kwa Waarabu, nao Waarabu asili yake ni Uajemi ya kale. Kutoka katika mzizi huohuo wa Kiajemi lilizaliwa neno gul, na kutoka gul likaja gulab, ambalo kwanza lilikuwa maji ya waridi na kwa Kihindi na Kigujarati likawa waridi lenyewe. Wayunani nao walikuwa na rhodon, neno la ukoo uleule, ndiyo maana yule kijakazi aliyemfungulia Petro mlango katika kitabu cha Matendo ya Mitume anaitwa Roda. Warumi walisema rosa. Basi Gulabchand wa dukani, Gulbanu wa jamaatkhana, Waridi wa mtaa wa pili, Roda na Roza wa kanisani, wote ni waridi moja lililopandwa katika viwanja vitano. Jambo la kuchekesha ni kwamba Rose ya Waingereza wa zamani mara nyingi haikuwa ua. Ilitokana na jina la Kijerumani lenye maana ya sifa au umaarufu, na ua likaja kulimeza baadaye.

La Suzana lilitushangaza zaidi. Wamisri wa kale waliliita yungiyungi la mto Nile seshen. Waebrania wakasema shoshana, Wayunani wakaandika Sousanna, Waarabu wakasema sausan. Mwenye jina la Suzana katika ushirika wa jirani, pamoja na binti wa Kiislamu aitwaye Sausan, wanabeba jina la ua la majini, ndugu wa Kamala wetu. Nilufar nalo, jina ambalo Waajemi huwapa mabinti zao, lilitoka kwetu: ni nila, buluu, na utpal, lile la mtoto wa Vrushabh, yakiwa yamesafiri kwenda Uajemi na kubadili mavazi njiani. Tunaweza kukutana sokoni, Kamala, Suzana, Sausan na Nilufar, tukauziana mchicha na kupatana bei, bila kujua kwamba tumeitana jina moja.

Kwingineko duniani tupite haraka. Wahabeshi wana Abeba, ua, na mji wao mkuu Addis Ababa ni Ua Jipya, jina ulilopewa mwaka 1886 na Taytu, mke wa Menelik. Wasomali humwita binti Ubah, nalo ni ua. Waswahili humwita Maua, kwa wingi, kana kwamba moja halitoshi. Flora, jina linalopendwa sana bara, alikuwa mungu wa kike wa maua wa Warumi. Hyasinti, wanalopewa wavulana katika familia za Kikatoliki, asili yake ni kijana wa masimulizi ya Kiyunani aliyekufa na damu yake ikaota ua. Esta wa Biblia aliitwa pia Hadasa, mhadasi. Wajapani wana Hana, ambalo ni ua, ingawa katika Kiswahili mtoto huyo ataonekana kuwa ni wa kukosa daima.

Turudi nyumbani, kwa jambo linalotusumbua. Majina ya maua ya bibi zetu yameumizwa na mambo mawili. La kwanza ni makaratasi. Katika Kigujarati mwanamke mzima haitwi kwa jina tupu. Huongezewa ben, yaani dada, na mwanamume huongezewa bhai. Makarani waliosajili vizazi na kutoa hati za kusafiria waliandika walichosikia. Mama mmoja akawa Kusum katika cheti kimoja, Kusumben katika kingine, Kusumbai katika cha tatu, na watoto wake wakapata taabu ya kuthibitisha kwamba mama zao watatu ni mmoja. Zipo familia zilizoapa, baada ya taabu hiyo, kwamba mtoto wao atapewa jina fupi lisiloongezeka wala kupungua.

La pili ni safari. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, jamaa zetu wengi walijikuta Leicester, London na Toronto. Huko majina yalipita katika vinywa ambavyo havikuyazoea, na Pushpa akachekwa shuleni. Mtu aliyechekwa kwa jina hamrithishi mwanawe jina hilo, wala hatuna ulimi wa kumlaumu. Mtindo ukarudi hadi huku kwetu kwa simu na kwa harusi: majina mafupi, yenye sauti tamu, mengine yasiyo na maana ambayo shangazi mwenyewe anaweza kuieleza.

Hata hivyo, hoja ya kwamba majina haya hayatamkiki ulimwenguni haisimami tena kama zamani. Mwezi Januari 2021 Kamala Harris, ambaye mama yake alizaliwa India, aliapishwa kuwa makamu wa rais wa Marekani, na dunia nzima ikajifunza kulitamka jina lake, wengine kwa kusitasita. Waswahili hawakusitasita. Ulimi wa Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu, kama Manu alivyotaka, nasi tumegundua kwamba unatufanyia hisani. Wagujarati wenyewe husema Kamla kwa silabi mbili. Jirani yetu husema Kamala kwa silabi tatu, karibu kama Wasanskriti walivyosema, ingawa mkazo huuhamishia katikati. Kusum wetu huwa Kusumu, lenye silabi tatu kama Kusuma ya vitabuni.

Hatusemi kwamba kila mtoto aitwe jina la nyanya yake. Wala hatudhani kwamba Champa au Fulvanti atarudi kuwa mtindo kwa sababu ya makala moja katika kitabu cha kumbukumbu. Tunachoomba ni kwamba shangazi, kabla ya kufungua simu kutafuta herufi, aketi kwanza na wazee wa nyumba na kuuliza kila bibi aliitwaje na jina lake lilimaanisha nini, maana wapo kati yetu wanaojua tarehe ya kufa ya bibi yao na hawajui kwamba aliitwa asumini.

Imebaki buruji ya Dhanu, ambayo tuliiacha juu bila kuitaja. Herufi zake ni bh, f na dh, na kamala, pamoja na majina yake yote, halina lililozoeleka kwa herufi hizo. Lakini f ni ya ful, na ful ni ua lenyewe, ua lolote. Kutoka hapo walitoka akina Fulchand na akina Fulvanti wa zamani. Mwezi hupita Dhanu kila baada ya siku 27 hivi, na katika mji huu watoto huzaliwa kila siku.